Kikohozi cha Mayai

Asubuhi moja ya kusi, mwaka wa 1968, Mwanaesha Badawi alifika kazini katika maabara ya Mbaraki, akatundika buibui, akavaa koti jeupe na kufungua kabati la joto. Mayai yalikuwa yakikohoa. Msaidizi wake, Chirau, alimweleza kuwa ya safu ya juu yana kikohozi kikavu, ya chini yana makohozi. Mwanaesha alifurahi. Zamani ilimbidi ayavunje ili ajue hali ya vifaranga.

Mayai yalitiwa virusi vinavyobana vifua vya kuku. Mwaka huo wataalamu wa ng'ambo waliviita korona, na wakasema vina ndugu zao katika mafua ya binadamu. Kampuni ya kufuga kuku iliyomwajiri ilitaka dawa; kuitafuta katika miti ya pwani lilikuwa wazo la Mwanaesha.

Alianza na mwarobaini. Nyanyake, Bi Mwanakuu, alikuwa ameutumia kutibu mtaa mzima wa Kibokoni, akaja mwenyewe kusikiliza. Mayai yalikohoa vile vile. Mwanaesha akarudia jaribio, kisha akarudia tena, ndipo akamwambia.

"Nyanya, haukufaa."

Bi Mwanakuu aliinama akatega sikio. "Kweli haukufaa," akasema. "Jaribu mzizi wa mkwamba. Na usinionee haya."

Mayai yaliyopewa mkwamba yalinyamaza kabla ya adhuhuri. Mwanaesha hakuuamini ukimya. Aliyainua moja moja mbele ya taa mpaka akaona mishipa ikipiga. Kisha akamwambia Chirau ayachanganye na mayai yenye virusi yaliyopewa maji matupu badala ya dawa, amfiche yapi ni yapi. Ya maji yakakohoa. Ya mkwamba yakalala.

Meneja alisikiliza, akaridhika. Mwanaesha akaomba aendelee: ahakikishe mzizi hauna sumu kwa watu, kisha aujaribu kwa mafua yao, kwani katika chuo cha dini cha Kibokoni watoto wengi walikuwa wagonjwa. Meneja akamjibu kwa upole kwamba watu hupona wenyewe, na kuku ndio wanaoitia kampuni hasara. Mizizi ikapelekwa mabandani kwa magunia.

Mwanaesha akafanya kazi hiyo nyumbani kwake. Aliwapangusa watoto wa majirani puani, akatia uchafu ule katika mayai ya sokoni, na kila yai likakohoa kwa sauti ya mtoto wake. Akina mama waliyatambua wakiwa mlangoni. Mkwamba uliyanyamazisha mengi, lakini walipomwomba awape watoto wao dawa hiyo, alikataa.

"Sijajua utawafanya nini," aliwaambia. "Sitabahatisha na roho za wana wenu."

Walimwelewa, wakawa wanamletea mayai zaidi.

Kusi ilipokaribia kwisha, binti wa Tumu, jirani wa Mwanaesha, akazidiwa na mafua, akazikwa. Baada ya matanga Tumu alipanda ngazi za nyumba ya Mwanaesha, akapita kati ya mayai mpaka akalipata la bintiye, lililokuwa bado halijapewa dawa. Likakohoa. Mwanaesha alikuwa ameshika sindano.

"Hili liache," Tumu akasema.

Mwanaesha akaiweka sindano chini, akamsogezea kiti.