Neno la Ukungu

Walikuwa wamechoma shamba la miwa ng'ambo ya barabara, na moshi ukaingia nyumbani kwetu Awendo kabla hatujafunga madirisha. Muda si mrefu mdogo wangu Liz hakuweza kumaliza sentensi. Nilimpeleka hospitali Migori kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikisikia pumzi yake ikipiga filimbi.

Wodini muuguzi alimtazama mara moja tu, akamwambia mwenzake alete mashine ya nebulaiza. Liz akashtuka. Barakoa ya plastiki ilipofika usoni aliisukuma, akaing'ang'ania leso yangu. Muuguzi akaniambia nimshike mikono. Nilimshika. Akalia, na kilio kikammalizia pumzi kidogo aliyokuwa nayo.

Mama Pamela, aliyekaa kitanda cha pili na mtoto wake, alimtania kwamba ile ni kama mashine ya kusaga unga tu, ina kelele lakini haili watoto. Liz hakucheka. Alinivuta karibu na mdomo wake.

"Dada, hiyo ni nebula," akasema, neno moja moja. "Mwalimu Onchiri alisema... nyota ikifa... inakuwa nebula. Hata Mama walimvalisha."

Mama tulimzika mwaka jana. Alifia Homa Bay akiwa na barakoa ya oksijeni usoni, na Liz ndiye aliyekuwa ameshika miguu yake.

Mimi niliacha shule darasa la sita, Mama alipoanza kuugua. Nebula sikuijua. Tena mbele ya madaktari huwa natazama sakafu, nangoja mwenye mdomo aulize. Siku hiyo hapakuwa na mwingine, na midomo ya Liz ilikuwa inabadilika rangi. Nilimwachilia mikono, nikamgeukia Daktari Matiko, aliyekuwa akitia dawa kwenye kikombe cha mashine.

"Daktari, nebula maana yake nini?"

Muuguzi alinikata jicho. Daktari akasitisha mkono, nami nikamweleza kwa haraka alichoniambia mtoto. Akainama hadi uso wake ukalingana na wa Liz.

"Ni neno la Kilatini, la zamani sana," alisema. "Maana yake ni ukungu. Watu walitazama juu, wakaona kitu kama ukungu katikati ya nyota, wakakiita hivyo. Mwalimu wako hakukosea, nebula nyingine hubaki nyota zikifa. Lakini kuna nyingine ambamo nyota huzaliwa. Mashine yangu haijui nyota. Inageuza dawa kuwa ukungu, basi."

Akaiwasha. Nilichukua mkono wa Liz nikauweka mbele ya barakoa. Kiganja kikalowa, baridi, kama tunapopita kwenye miwa asubuhi kabla jua halijatoka. Alikitazama kiganja chake. Kisha akaniacha nimvalishe.

Tulikaa hivyo, mashine ikinguruma, hadi filimbi ikapungua kifuani mwake. Aliishusha barakoa kidogo.

"Kwa hivyo Mama hakuwa na ukungu."

Nilimwambia hapana. Ile ya Mama ilikuwa hewa tu, na haikumtosha.

Liz akairudisha barakoa usoni mwenyewe, akaishika kwa mikono yote miwili.