Kofia Inayolala kwa Baba Mkwe

Watu wa Ankawasi wakitaka kunisengenya husema Basilia ana pua ndefu, haachi jambo likapita bila kulinusa. Waseme. Bila pua hii, hadi leo ningekuwa nafikiri maji ndiyo yanayoozesha mabinti wa kijiji chetu.

Huku kwetu juu mwanamume anayetaka kuoa hufuma kofia yake mwenyewe, ile ya sufu yenye masikio. Hafumiwi na mama yake wala dada yake. Anafuma yeye, kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na kijiji kizima kinamwona. Akimaliza anaipeleka kwa baba wa msichana, inalala huko usiku mmoja, na kesho yake baada ya misa baba mkwe anaigeuza, anaijaza maji chemchemini na kuibeba hadi mlangoni kwake watu wakiwa wamepanga mstari. Isipovuja, ndoa ipo. Ikivuja, kijana arudi mwaka ujao na kofia nyingine, na mwaka huo atakula kejeli mpaka ashibe.

Sixto, marehemu mume wangu, alipita. Na baba yangu Nemesio hakuwa akimpenda hata chembe! Alimwita "Miguu ya Korongo" mpaka alipoingia kaburini, na sikumbuki hata siku moja akimwambia karibu kiti. Siku ile aliibeba kofia yake amenuna, mdomo umemvimba, lakini halikudondoka hata tone. Nikasema Mungu yuko upande wangu, maana baba hayuko. Siku ya harusi yenyewe mbwa wa kijiji walimfuata Sixto hadi mlango wa kanisa wakimrukia kichwani, na wanawake wakasema mbwa wanamjua mtu mwema. Nilitembea kifua mbele kwa maneno hayo miaka mingi.

Haya, ikaja zamu ya binti yangu Nieves, mtoto wangu wa pekee. Kati ya wanaume wote wa milima hii akamchagua Eleuterio, mpiga kinubi wa bondeni, huko kwenye joto na mahindi, ambako wanaume hawajui hata spoki inashikwa upande gani. Sura anayo, sikatai. Lakini akishaoa anamchukua mke kwao, na kutoka kwao hadi kwetu ni kupanda mlima kutwa nzima. Mimi nitabaki na alpaka wangu, wanyama wa sufu, na mdomo wangu huu bila wa kusema naye. Kwa hiyo nilipomwona ameketi ukutani anafuma huku ametoa ulimi, uzi umemzonga vidoleni, moyo wangu ulifurahi. Nasema wazi, ulifurahi.

"Unafuma kofia au wavu wa samaki?" nikamuuliza.

"Kofia, mama."

"Kwani kwenu samaki wanavaa kofia?"

Akacheka, maskini, akaangusha na mishono. Nieves akanivuta pembeni kwa ukingo wa shali.

"Mama, nakujua. Unaomba ivuje."

"Mimi naomba mvua tu."

"Ikivuja nitangoja mwaka, sitatoroka. Sitaki kutoka nyumbani kwa aibu. Lakini usiniombee mabaya, mama. Nampenda."

Nikajifunga shali yangu upya. Sixto hayupo, kwa hiyo atakayebeba maji ni baba mdogo Melchor, ndugu yake marehemu baba, na Melchor si mtu wa kuonea mtu huruma. Maji yataamua, nikajisemea. Lawama haitakuwa yangu.

Siku chache kabla ya siku yenyewe nilifungua sanduku kutoa shali ya sikukuu, nikakutana na kofia ya Sixto. Niliinusa. Ilikuwa imebaki harufu ya sabuni tu, hata yeye hayumo tena. Niliumia. Basi, kwa lile jicho langu la kutaka kujua, nikasema ngoja nione maji yalivyokaa humu siku ile. Nikaigeuza, nikamimina kibuyu cha maji.

Yote yakanimwagikia miguuni.

Nikaitazama kwenye mwanga. Hakuna nondo, hakuna tundu, sufu imejikaza kwa kufuliwa. Nikamimina tena. Ikachuruzika tena, kama inanicheka. Sasa hii ilipitaje? Baba aliibeba mbele ya kijiji kizima, mimi mwenyewe nimesimama pale natazama!

Usiniulize kama nililala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa Justa, jirani yangu, mjane kama mimi.

"Niazime kofia ya harusi ya marehemu wako."

"Uifanyie nini?"

"Niinyweshe maji."

"Basilia wee, umeanza kurukwa na akili?" Lakini alinipa, maana na yeye ni mdaku, tena mkubwa kunizidi, sema tu anajificha. Tulimimina pamoja uani. Ikavuja. Justa akashika kiuno.

"Mwongo mkubwa yule mwanamume! Na alivyokuwa akijisifu!"

"Hebu niambie, siku ya harusi yenu mbwa walimfuata?"

"Walimfuata? Mmoja alimng'ata tako! Kwa mapenzi, walisema."

Kitu kikanigonga kichwani. Nikatoka pale mbio hadi kwa Hilario, mfumaji bora kuliko wote Ankawasi, mtu ambaye kofia zake wanakuja kuzinunua watu wa mbali. Hakutaka kunipa ya harusi mkononi, aliishika mwenyewe, nikamimina. Maji yakakaa ndani yametulia tuli, unaweza kujitazama uso. Akatabasamu kwa majivuno.

"Na mbwa, Hilario? Harusini walikufuata?"

Tabasamu likamtoka. "Hakuna hata mmoja aliyenigeukia. Mbona unanikumbusha mambo hayo? Mama mkwe wangu alinisema kwa hilo mpaka anakufa."

Njiani kurudi nikakumbuka jambo jingine. Mara ya kwanza kuifua kofia ya Sixto, nikiwa bibi harusi mpya, maji yalitoa macho ya mafuta juu, beseni zima. Nikamgombeza kwamba ana kichwa cha kondoo. Yeye akaapa hajui yametoka wapi, nami sikumwamini.

Nilimkuta Melchor zizini, amembana alpaka kwa magoti anampaka mafuta ya kondoo kwenye upele. Kopo lilikuwa wazi miguuni pake, na mbwa wake wa manjano amelikodolea macho.

"Shikamoo baba. Baba yangu aliipaka kofia ya Sixto mafuta."

Hakuinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Mbwa."

Melchor alicheka mpaka alpaka akamponyoka. Alicheka akajifuta machozi kwa kiwiko, halafu akaketi juu ya jiwe.

"Wanawake wote wa kijiji hiki, na wewe ndiye umeijua! Nemesio alisema iko siku utaijua. Kofia inalala kwa baba mkwe kwa nini, wewe? Inakwenda kuota ndoto? Baba akimtaka kijana, anapaka kwa ndani. Asipomtaka, anaiacha hivyo hivyo, na maji yanabeba lawama. Hakuna aliyemkataa mtoto wa mwenzake, na hakuna ugomvi."

"Ina maana siku zote hizo mmetuchezea?"

"Tumewachezea nini? Mmeolewa au hamkuolewa?"

"Na Hilario?"

"Ah, Hilario! Baba mkwe wake hakumtaka kabisa, hakupaka hata kwa ncha ya kidole. Yule mwehu akafuma kofia ya kushika maji kweli! Mzee alitembea huku anaichungulia kwa chini, haamini."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana lililonileta nilikuwa sijaliuliza.

"Lakini baba hakumpenda Sixto."

"Hakumpenda."

"Sasa kwa nini?"

Melchor akafunika kopo, mbwa akanung'unika. "Alikupenda wewe, nawe ulimtaka Sixto. Alijua ukienda kwa yule Miguu ya Korongo huko ng'ambo ya mto hatakuona kila siku. Hakujua kwamba baadaye mtahamia huku. Nilipita kwake asubuhi ile nikamkuta anapaka, kopo zima limekwisha, vidole vinang'aa, macho mekundu. Nikamwambia Nemesio, unalia. Akasema ni moshi."

Nikaketi chini palepale kwenye samadi. Baba yangu! Miaka yote ile nilikuwa namwona jiwe, nikimwekea chakula mbele yake bila neno. Nilihisi hasira, halafu nikahisi aibu, halafu nikamtamani arudi hata kwa muda wa chai moja.

"Basi wewe ndiye utakayeibeba ya Eleuterio," nikasema baadaye. "Utaipaka?"

"Mimi kazi yangu ni kubeba. Italala kwako."

"Lakini mimi ni mwanamke."

"Una vidole? Basi." Akalisukuma lile kopo kuja kwangu kwa mguu. "Ulitaka kujua. Umejua."

Ndiyo malipo ya pua ndefu. Nilipokwenda nilikuwa na maji ya kuniamulia, na niliporudi nilikuwa na kopo.

Jumamosi jua likizama Eleuterio alileta kofia yake ameishika kwa mikono miwili, mikono ina vidonda vya spoki. Alinipa, akaondoka. Niliiinua mbele ya jiko nikaona ndimi za moto kwa upande wa pili. Jamani! Ile haikuwa ya kushika maji, ile isingeshika hata viazi vidogo.

Nieves aliichungulia, akanitazama usoni, akaenda kuwafungia alpaka.

Nikabaki mimi, kofia na kopo. Ningekaa tu. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakukuwa na cha kufanya ila kukaa mikono mapajani, na ningempata binti yangu mwaka mzima tena, sauti yake uani, kikombe chake kando ya changu. Hakuna ambaye angejua, na yeye mwenyewe angeyalaumu maji. Nilikaa hivyo mpaka nikasikia anafunga lango la zizi na kumwimbia mmoja wa wale wanyama, wimbo wa bondeni, wa kwao yule kijana.

Nikachovya vidole. Nilipaka huku nikimtukana Eleuterio mshono kwa mshono, yeye na kinubi chake na mahindi yake na mama aliyemzaa asimfundishe kufuma. Yale matundu yalikula mafuta kupita kiasi. Niliporidhika, kopo lilikuwa tupu.

Jumapili Melchor alijaza maji na kuibeba taratibu, uso mkavu kama hajui kitu. Wazee wa kiume wote walikuwa wanatazama mawingu, kana kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuyaona. Alifika mlangoni kwangu, akainua kofia juu, chini yake pakavu. Vigelegele vikapasuka. Justa alinitazama, akanitazama tena, nami nikaangalia pembeni. Eleuterio aliiangalia kofia yake kwa mshangao mkubwa kuliko wa mtu yeyote pale. Akaivaa vilevile na maji yake, akalowa mpaka mabegani, na watu wakacheka.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mbwa wa manjano wa Melchor. Kisha wakatokea wa Justa, kisha wa kila nyumba, hata kibogoyo mmoja mzee ambaye hainuki siku hizi ila kwa mazishi. Wakamzunguka Eleuterio, wakimrukia na kumlamba masikio ya kofia, naye anazunguka huku na huku anacheka.

Nieves alinijia mbio akanikumbatia shingoni kwa nguvu.

"Ona, mama! Mbwa wanamjua mtu mwema!"

"Ndivyo wanavyosema," nikamjibu.

Akajitenga kidogo anitazame. "Mama, unalia?"

Nikaficha vidole ndani ya shali.

"Ni moshi, mwanangu," nikamwambia, na kwenye uwanja mzima ule hapakuwa na moto hata mmoja.