Waliozaliwa Januari Mosi

Jumatatu ile saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimekwisha jipongeza mara tatu. Mimi ni Winifred, fundi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali ndogo ya binafsi pale Muhima, na tabia yangu inajulikana: nikianza kazi situlii mpaka iishe, na ikiisha situlii mpaka mtu aisifu. Tangu Jumamosi mchana nilikuwa nahamisha mfumo wetu wa wagonjwa kutoka toleo la tatu kwenda toleo la nne.

Kazi yenyewe ukiisimulia haina utamu. Kuna faili moja la mipangilio, mistari mia tatu na ushee, linaloiambia programu ifanyeje: ripoti zitoke lini, daktari aone nini, mapokezi waone nini. Unalichukua la zamani na kulipanga upya kwa muundo wa toleo jipya, mstari kwa mstari. Ukimaliza, kuna kikaguzi kinalipitia na kulalamika. Changu kililalamikia mistari tisa. Nikairekebisha mingine, mingine nikaifuta, kikanyamaza.

Furaha yangu kubwa ilikuwa hesabu ya wagonjwa. Ijumaa tulikuwa nao elfu arobaini na moja na kitu. Jumatatu, elfu mbili na mia tatu na saba walikuwa wamepungua. Nilimwambia bosi wangu, Cyusa, kwamba toleo jipya limesafisha majina yaliyoandikwa mara mbili. Cyusa alikulia Mbarara na hakuna kitu anachokipenda kama namba ya kumpelekea mkurugenzi. Aliipeleka kabla sijafunga mdomo.

Ndipo Mama Spès akaingia bila kubisha hodi. Yeye ni mkuu wa masjala, ana miaka ishirini na mbili pale, na alikulia Buyenzi kule Bujumbura. Mimi nilikulia Karagwe. Kwa hiyo sisi wawili huongea Kiswahili hata wenzetu wote wakiwa kwenye Kinyarwanda, na huwa tunataniana sana. Siku ile hakuwa na utani.

"Wini, ile kompyuta yako iko inakula watu."

"Inakula watu gani tena, Mama Spès?"

"Natafuta Nyiraneza wa mtaa wa Gatsata, simuoni. Iko Nyiraneza moja tu, wa Nyakabanda. Ijumaa walikuwa wawili."

"Huenda mmoja aliandikwa mara mbili."

"Mara mbili? Wa Gatsata ni mrefu, mwembamba. Wa Nyakabanda ni mfupi, anatembea na fimbo. Hao unaniambia ni mtu moja?"

"Wamezaliwa lini?" niliuliza.

"Wote Januari mosi, elfu moja mia tisa hamsini na sita. Kwani wewe unajua mzee gani hapa hakuzaliwa Januari mosi?"

Simjui. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Walipokwenda kuandikishwa, aliyejua mwaka tu alipewa tarehe ya kwanza ya mwaka huo. Mama yangu na shangazi zangu wawili wote walizaliwa siku hiyo, na hakuna aliyewahi kukata keki. Majina nayo ni hivyo hivyo. Kwetu hatuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, na ndugu wa tumbo moja hawafanani majina. Lakini programu haikubali nafasi hiyo ibaki wazi, basi masjala hujaza jina la Kinyarwanda hapo. Namba za vitambulisho za wazee wengi hazikuwahi kuingizwa, maana walihamishwa kutoka kwenye daftari za karatasi. Kwa waliotengeneza programu huko waliko, wanawake wawili wenye ukoo mmoja na siku moja ya kuzaliwa ni mwanamke mmoja aliyeandikwa mara mbili. Huku kwetu ni nusu ya misa ya kwanza ya Jumapili.

Nilifungua faili la zamani. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa unasema wanaofanana wasiunganishwe. Pembeni yake Kubwimana, fundi aliyenitangulia, alikuwa ameacha maelezo: "Usiguse. Kabla ya kubadili, muulize Spès."

Niseme ukweli. Maelezo yale niliyasoma Jumamosi. Kikaguzi kilikuwa kimesema mstari huo haujulikani katika toleo la nne, na mimi nikawaza: nimuulize karani wa masjala habari za mipangilio ya programu? Nikaufuta pamoja na maelezo yake. Kumbe swichi ile ilikuwa bado ipo, imepewa jina jingine na kuhamishiwa sehemu nyingine, na usipoitaja programu huunganisha yenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwenye mwongozo, ukurasa wa sitini na moja. Mimi niliishia arobaini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini guu la kuvunjika hapa halikuwa langu.

"Mama Spès, kwa nini ulikuwa unamtafuta?"

"Amekuja asubuhi na mapema, kifua. Nikaona wanampa karatasi ya dawa, nikasema ngoja niangalie; kugeuka, ameshaenda. Ule mama hawezi penisilini, Wini. Mwaka ule kabla ya korona alivimba uso hapa kwenye korido, mpaka macho yakafunga. Mimi ndiye nilimshika."

Kwenye skrini, sehemu ya mzio ilisema: hakuna. Hiyo ilikuwa ya Nyiraneza wa Nyakabanda, iliyoandikwa karibuni zaidi, na programu huamini ya karibuni. Chini yake dawa ya leo: amoksilini, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Amoksilini ni mtoto wa penisilini. Alikuwa ameondoka saa mbili kasorobo.

Nilipiga namba ya simu iliyokuwapo. Akapokea mwanamke, nikamuuliza kama yeye ni Nyiraneza na kama ameshakunywa dawa. "Dawa gani? Mimi ni mzima, sijafika huko tangu Pasaka." Hata namba ilikuwa ya yule mwingine. Nikamwambia samahani kwa usumbufu, nikakata.

Nilimkuta Cyusa amesimama dirishani na simu mkononi. Nilimweleza mbio mbio, nikamwambia tuzime mfumo turudi toleo la tatu.

"Washa hiyo swichi tu," alisema. "Warudi walivyokuwa."

"Hawarudi. Swichi inazuia kuunganisha, haiwatenganishi walioungana."

"Winifred, mkurugenzi ameshaisifu ile namba mbele ya wenzake. Kwanza mtafute huyo mama. Mengine tutayarekebisha taratibu, bila kelele."

"Mficha uchi hazai, Cyusa."

"Nenda," alisema, bila kunitazama.

Nikaenda, maana mtu alikuwa na dawa mkononi na mimi nilikuwa napoteza muda kwa methali. Mama Spès alinifuata mpaka getini akinielekeza: Gatsata, juu ya magereji, ukifika kwenye bomba la maji panda kulia, ulizia kwa Mama Iradukunda, ndivyo wanavyomwita huko. Anwani haikuwa ndani ya kompyuta. Ilikuwa ndani ya kichwa chake.

Nilipanda pikipiki. Dereva hakukubali kuondoka mpaka nifunge vizuri mkanda wa kofia, na nilipochelewa akaufunga yeye. Tuliteremka kuelekea Nyabugogo na taa zote zilikuwa nyekundu. Nilikuwa najipigia hesabu ya chakula. Ameondoka saa mbili kasorobo, kafika kwake saa mbili na robo. Mtu mgonjwa aliyetoka bila kula atakula saa ngapi? Na akishakula? Kwenye taa za pili nilimwambia dereva apite tu. Akageuka akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema ndiyo. Akasema hata mgonjwa hupenda ufike mzima, akasubiri taa.

Gatsata ilikuwa imeamka na nyundo zake. Nilishuka kwenye bomba nikapanda kilima kwa miguu, nusu mbio, na viatu vya ofisini. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa ajili ya faili. Nilimwomba Mungu hadharani, kwa sauti, na mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji akaitikia amina.

Nyiraneza alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mlangoni pake, mrefu na mwembamba kama alivyosema Mama Spès, kitenge mabegani. Uso wake ulikuwa wa kawaida. Niliutazama uso huo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mama, umekunywa dawa?" nilimuuliza kwa Kinyarwanda.

"Kunywa nini, na hata kuamkiana hatujaamkiana?"

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, akanionyesha kiti. Nikakaa. Ndipo akajibu kwamba bado, uji ulikuwa jikoni unapoa, na nesi alimwambia asinywe tumbo tupu. Pakiti ilikuwa juu ya meza ndani. Niliinuka nikaichukua bila kuomba ruhusa, nikaitia mfukoni, halafu nikamwambia ilikuwa dawa gani.

Hakushtuka. "Nilimwambia daktari," alisema. "Nilimwambia, mwanangu, dawa za namna hii ziliwahi kunivimbisha. Akaangalia kompyuta, akasema, mama, hapa imeandikwa huna tatizo. Nikasema basi, labda limepona. Kompyuta si ndiyo inajua?"

"Kompyuta haijui kitu. Mimi ndiye niliyekosea." Nilitamani kulia, na nilikuwa na hasira na nafsi yangu. "Nilikuunganisha na Nyiraneza mwingine. Mmezaliwa siku moja."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Siku moja? Mimi nilizaliwa wakati wa kuvuna mtama, mama yangu ndivyo alivyosema. Januari nilipewa na karani!"

Nikacheka na mimi. Nilicheka kuliko kichekesho kilivyostahili. Alinyanyuka akaleta uji, akanimiminia kikombe, nikakipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yangu yakashuka. Nikampigia Mama Spès, nikamwambia yuko salama. Nilisikia akimshukuru Bikira Maria kwa Kirundi.

"Na huyo mwenzangu," Nyiraneza aliuliza, "yeye ana ugonjwa gani?"

"Sijui, mama. Niliongea naye kwa simu. Alisema ni mzima."

"Leo ni mzima. Akija kesho, daktari atasoma ya nani?"

Sikuwa nimemfikiria mwanamke yule hata kidogo. Nilikuwa nimemwambia samahani kwa usumbufu.

"Wako wangapi huko waliounganishwa kama sisi?"

"Waliopotea ni elfu mbili na mia tatu na saba."

Alinitazama tena, safari hii bila kucheka. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwangu, uji ukiwa nusu, akakiweka chini. Katika maisha yangu sijawahi kuona mzee wa kwetu akimnyang'anya mgeni kikombe.

"Sasa wewe umekaa hapa unafanya nini?"

Nilisimama. Sikumpigia Cyusa. Nilimpigia mkurugenzi mwenyewe nikiwa bado mlangoni, nikamwambia wazime mfumo, warudi kwenye karatasi, wasimpe mtu dawa mpaka Mama Spès aangalie jalada lake, na kwamba ile namba waliyoisifu ni watu, na aliyewafuta ni mimi. Sikuwa na shaka kwamba kazi yangu imekwisha, na nilishangaa kwamba si hilo lililokuwa likinikosesha utulivu.

"Mmeshawapata wangapi?" aliuliza.

"Mmoja," nilisema.