Toba Yenye Meno

Desderius aliposimama kutubu, watu walijiweka sawa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, maana toba za Desderius zilikuwa na utamu wake.

"Bwana asifiwe, ndugu zangu."

"Asifiwe!"

"Leo nataka kutembea nuruni. Shetani alinikamata nikamchukia jirani yangu Celestin. Mkungu wangu wa ndizi ulikatwa, na majani yalidondoka kuelekea njia ya kwake. Nikamshuku. Nikamchukia mpaka chakula hakipiti. Lakini leo, mbele yenu, nimemsamehe!"

Wimbo ukalipuka. Desderius akakumbatiwa huku na huku. Mama Anatolia, ambaye ndiye aliyeongoza ushirika ule wa waliookoka kila Alhamisi, alipiga makofi kama wenzake. Celestin hakuwepo. Yeye alikuwa Mkatoliki, na saa ile alikuwa ameinama kwenye kibanja cha mtu, anapalilia migomba na kahawa zisizo zake.

Hebu tazama toba ya namna hiyo! Mtu anasamehewa kosa ambalo hakuna aliyemuuliza kama alilitenda. Jioni ile ile, kisimani, hakuna aliyekumbuka tena kwamba Desderius alitubu chuki yake. Kilichobaki ni kwamba Celestin ni mwizi, na kwamba limesemwa kanisani.

Na ni Celestin huyo huyo. Wakati wa vita na Uganda, kijiji hiki cha huku Kyerwa kilipokimbilia Bugene na Nyakahanga, magodoro vichwani, yeye alibaki. Desderius aliporudi alikuta kahawa yake imeanuliwa na kufungiwa ndani, salama. Siku hizo Celestin alikuwa ndugu. Vita vilipokwisha akarudi kuwa Mnyarwanda, mtu wa kuja. Wanakijiji walishasahau, lakini kusahau kwao hakukufuta lililotendeka.

Vibarua vikaanza kumkimbia. Huyu akasema mwanangu atanisaidia, yule akasema tutaonana. Hatimaye, asubuhi moja, mke wake Mukantabana akaja kwa Anatolia, akamkuta anamenya ndizi jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuaga. Tunahamia Nyakakika, kwa shemeji. Huku hatuna tena cha kulima."

Anatolia akatupa kisu ndani ya karai. "Ni huyo Desderius! Huyo mtu na ulimi wake! Nitamwambia mbele ya kila mtu, utasikia!"

"Usijisumbue, mama. Desderius hatupi kazi tangu zamani, kwake hatukutegemea kitu. Aliyekuwa anatupa kazi ni wewe."

"Mimi? Mimi nilimwambia mumeo palizi imekwisha, basi."

"Ndiyo, alinieleza." Mukantabana alitazama nje, mlangoni. "Nimepita katikati ya kibanja chako sasa hivi. Majani yamenifika magotini. Nimelowa umande mpaka huku. Baki salama, mama."

Akaenda zake, na pindo la kanga yake limelowa kweli.

Anatolia alikasirika vibaya sana. Tazama adabu ya watoto wa siku hizi! Aliwahi kumpa yule binti chumvi wakati chumvi yenyewe haionekani dukani, na sabuni ilikuwa hadithi. Alimpa mbegu za maharage. Na leo anakuja kumkagulia majani! Akamenya ndizi kwa hasira, akamenya mpaka akazidisha.

Hasira ile alikwenda nayo kwenye maombi. Akapiga magoti akaanza kuandaa ushuhuda wa Alhamisi. "Ndugu, natubu kwamba nilimchukia Desderius kwa sababu ya ulimi wake unaovunja nyumba za watu..." Akaupenda. Akaurudia kwa sauti. Mara akanyamaza, maana aliyekuwa anaongea pale alikuwa Desderius mtupu, ila amevaa kilemba.

Akaanza upya. "Natubu kwamba niliwasikiliza watu wa kisimani wenye maneno mengi..." Yale yale! "Natubu kwamba nimemkasirikia Mukantabana, ambaye hana shukrani..." Ah! Kila akiinua toba, inamng'ata mtu mwingine. Miaka yote ile aliyosimama mbele akilia machozi, je, alikuwa akitubu yake, au akiwachongea watu kwa Mungu?

"Sasa Bwana unataka niseme nini?" alifoka, kama anayegombana na muuza duka.

Akawaondoa watu mmoja mmoja kwenye ile sentensi. Akamtoa Desderius, akawatoa wa kisimani, akamtoa Mukantabana. Ikabaki fupi, mbaya, haina hata pa kulilia. Alimdanganya Celestin. Hakuamini hata kidogo kwamba ni mwizi. Aliogopa tu kuonekana kiongozi wa waliookoka anayefuga mwizi kibanjani.

Alhamisi alisimama akayasema hayo, hivyo hivyo yalivyo fupi. Mtu akaanzisha wimbo.

"Msiimbe!" alisema Anatolia.

Wakasita, midomo wazi.

"Lakini dada," alisema Desderius kwa upole wa kuchefua, "Bwana amekwisha kukusamehe. Tumshukuru."

"Ya Bwana namwachia Bwana. Celestin bado. Mtaimbaje wakati mwenyewe anafunga mizigo?"

Maneno mengine kuhusu kahawa iliyoanuliwa wakati wa vita yalimfika kwenye ulimi, matamu, tayari. Aliyameza. Akatoka. Hakuna aliyemfuata, hata mmoja.

Alimkuta Celestin uani anafunga majembe kwa kamba ya mgomba. Alimwambia yote akiwa amesimama kwenye jua. Celestin hakuacha kufunga.

"Nimesikia, mama. Asante."

"Basi msiondoke."

"Mama, mimi niliitwa mwizi kisimani. Wewe umekuja kuniosha hapa uani kwangu, tukiwa mimi, wewe na kuku. Nibaki kwa ajili ya kuku?"

Alitaka kumjibu kwamba ametembea jua lote lile. Kwamba ni mtu mzima, anasumbuliwa na kifua. Kwamba hata ushirika wake sasa unamwona kichaa. Hakusema. Alikwenda nyumbani akachukua ndoo, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, maana wajukuu walimchotea, akateremka kisimani saa ya foleni.

Kule hakuna nyasi za kukalia wala "asifiwe". Alisema huku ameshika ndoo: "Mnanijua. Nilimnyima Celestin kazi kwa uongo. Nilisema palizi imekwisha, na haijakwisha. Sijawahi kumwona na kitu cha mtu. Niliogopa maneno yenu... hapana. Niliogopa tu. Yangu ndiyo hayo."

Mmoja akacheka. Placidia, jirani yake, akaweka mtungi chini kwa kishindo.

"Kwa hiyo sisi sote ndio waongo?"

"Sijasema ninyi. Nimesema mimi."

"Si unatutia aibu, mama! Mtu akisimama hivyo mbele za watu, na wengine tufanyeje?"

Anatolia alikuwa na jibu juu ya Placidia, refu, lenye mifano. Aliuma midomo mpaka ikauma kweli, akachota maji, akapanda kilima anahema.

Jumatatu, akienda kwenye mnada, alipita kando ya kibanja cha Placidia, akamwona Celestin ameinama humo, jembe linapanda na kushuka. Damu ikamchemka. Kwa Placidia! Yeye ajiaibishe mbele ya kisima kizima, na palizi ianzie kwa Placidia! Alisimama njiani, mkono kiunoni, na maneno yote aliyoyameza wiki ile yakaja kwa pamoja.

Celestin akanyoosha mgongo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, akatambua kwamba alikuwa anadai malipo ya toba yake. Hasira haikuondoka kwa kutambuliwa. Akauliza tu: "Mukantabana hajambo?"

"Hajambo. Amefungua mizigo."

"Haya. Kazi njema."

Akaendelea na safari yake, hasira ikiwa bado imemkaa shingoni, huku akinong'ona njia nzima hadi mnadani: "Bwana, nisamehe na hii. Na hii nayo, nakuomba."