Mtu wa Kanzu Kwenye Kamera

Picha yenyewe, ya kamera ya uani, ni fupi. Mtu anatoka kwenye banda la kuchongea la marehemu mume wangu, amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwenye kiroba, anapita kando ya tenki la maji na kupotelea upande wa geti. Uso hauonekani kwa sababu ameinama. Kinachoonekana ni nguo ndefu nyeupe, na kichwani kitu cheupe kilichobana kama kofia. Vingine vyote ni kijivu tupu.

Ilitosha. Shemeji yangu Fredrick, kaka mkubwa wa marehemu, aliitazama mara moja akasema, "Huyu ni Bakari."

Naandika sasa kwa sababu watu wameshaanza kusimulia habari hii kama jambo dogo la kuchekesha, na mimi nataka kukumbuka ilivyokuwa.

Nikodemu wangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala, na tangu tuhamie Bunju, Bakari alikuwa jirani yetu na mwenzake kwenye banda lile. Walipeana patasi, wakatukanana kwa utani kutwa nzima, wakala sahani moja. Nikodemu alipofariki, watu wa jumuiya walikuwa wanakuja kila jioni kusali rozari sebuleni. Bakari ni Mwislamu. Alikuwa anaswali magharibi msikitini, kisha anakuja na kanzu na kofia yake, anakaa kwenye benchi la nje karibu na banda, kimya, mpaka tumalize, ndipo anaingia kunywa chai na wenzake. Alikuwa anatuheshimu. Heshima hiyohiyo ndiyo waliyoigeuza ushahidi.

Kilichoibwa ni kinyago cha mwisho cha Nikodemu. Ni gogo la mpingo lenye watu waliobebana, wa chini wameshapata macho na midomo, wa juu bado ni mti. Alipozidiwa aliniambia Bakari ndiye atakayekimalizia. Nililisema hilo mbele ya ndugu wote, na jioni chache baadaye, watu wakiwa kwenye rozari na Bakari bado hajakaa kwenye benchi lake, kinyago kikatoweka.

Wifi yangu Demetria ndiye aliyeichomoa ile picha kwenye kamera na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Akaandika chini yake kwamba watu wajihadhari na wanaokuja msibani na kanzu. Kisha akakaa ukumbini kwangu, katikati ya wageni, akisema, "Ndugu gani huyo anasubiri watu wafumbe macho wasali ndiyo aingie bandani? Si nyie mliokuwa mnamwita ndugu?"

Fredrick naye akamwita mjumbe wa shina. Mjumbe akaangalia simu, akatikisa kichwa, akaenda kumwambia Bakari asikanyage tena kwetu, hata siku ya arobaini. Kesho yake vijana wa kijiweni walikuwa wanakohoa kila akipita na kanzu.

Alikuja mara moja tu, akasimama nje ya geti.

"Shemeji, na wewe unaamini?"

"Siamini."

"Basi waambie."

Niliwaambia. Fredrick alinijibu taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, kwamba mjane ana majonzi na hawezi kuona sawasawa, lakini kamera haina majonzi.

Arobaini ilipokaribia, Fredrick alitaka kamera nyingine ya getini, kwa vile wageni wangekuwa wengi na, kama alivyosema, yule mtu asije akajipenyeza. Nikasema nitakwenda kuinunua mwenyewe. Aliona nimekubali kosa. Mimi nilikuwa na nia yangu: nyumba ile ipate kamera inayoonyesha sura ya mtu jioni, ili asitokee mwingine wa kuitwa mwizi kwa sababu ya nguo.

Nilikwenda duka moja la Kinondoni. Muuzaji aliitwa Revelian, kijana mwenye maneno mengi. Duka lilikuwa na taa kama ukumbi wa harusi, na kila kamera aliyoiwasha ilitoa picha nzuri mno, hata vumbi la kwenye kaunta ulikuwa unaliona. Nikamwambia nataka kuziona gizani.

"Mama, hizi zote zinaona usiku. Si umeona boksi lilivyoandikwa?"

"Hata yetu boksi liliandikwa hivyo. Zima taa."

"Nikizima taa wateja watadhani nimefilisika."

Lakini alikuwa mchangamfu, akanipeleka stoo ya nyuma, akaegesha mlango ukabaki upenyo mdogo wa mwanga. Akashika kamera ya aina ileile aliyoinunua marehemu, akanielekezea, akanipa simu nitazame.

Kwenye kioo niliona mwanamke mwenye gauni jeupe na kilemba cheupe. Niligeuka nyuma kuona nani ameingia. Hapakuwa na mtu.

"Huyu nani?"

"Si ni wewe, mama."

Nilijitazama. Nilikuwa na gauni langu jeusi la msiba, jeusi tititi, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Nikainua mkono. Yule mwanamke mweupe naye akainua mkono.

Revelian alinieleza bila hata kuweka uzito kwenye sauti. Kamera za aina hiyo giza likiingia zinamulika kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, na picha yake haina rangi. Vitambaa vingine vyeusi vinabaki vyeusi, vingine vinaurudisha ule mwanga na kuonekana vyeupe. Hasa hivi vya kuteleza, akasema, akigusa ukingo wa mkono wa gauni langu. Wateja wengi wanashangaa.

Wateja wanashangaa. Kule Bunju mtu alikuwa hawezi kupita kijiweni.

Nilimwomba anirekodi kwenye simu yangu. Kisha nikamwambia anionyeshe nyingine, ambayo haidanganyi rangi. Akaleta moja yenye lenzi pana zaidi, isiyohitaji kumulika kwa namna ile ilimradi pawe na mwanga kidogo. Humohumo stoo, kwa upenyo uleule, gauni langu likawa jeusi, boksi lililokuwa nyuma yangu likawa jekundu, na sura yangu ikawa sura yangu, imechoka. Nikaichukua hiyo. Aliniambia niache balbu moja ikiwaka uani na nisiielekeze kamera kwenye balbu wala nisiibandike karibu na ukuta mweupe. Nilimsikia kwa sikio moja. Akili yangu ilikuwa kwenye gauni.

Kwetu marehemu akishazikwa, wanawake wa karibu naye hukatiwa sare kwenye jora moja la kitambaa cheusi, na huivaa mpaka siku ya arobaini, mjane anapovua nguo nyeusi na tanga likaanuliwa. Jora letu alilishona fundi Noela, yule wa barabarani. Zilitoka sare tatu, kila gauni na kilemba chake. Moja yangu. Moja ya mama mkwe, ambaye anatembea kwa mkongojo na hawezi kubeba hata ndoo. Ya tatu ya Demetria.

Sikulia. Nilikuwa nimelia wiki zote zile, na siku ile machozi yalikataa kabisa.

Jioni, giza lilipoanza kuingia, niliwaita Fredrick, Demetria na mama mkwe uani. Nikamwomba mama apite polepole kando ya tenki, Fredrick atazame simu iliyounganishwa na kamera ya zamani. Mama akapita na mkongojo wake. Fredrick akasogeza simu karibu na macho.

"Mama kavaa kanzu," akasema.

"Mie nimevaa kanzu?" mama akauliza toka kule kwenye tenki. "Nimeanza lini kuswali?"

Hakuna aliyecheka. Fredrick alimtazama mama, akaitazama simu, akamtazama tena mama. Kisha macho yake yakashuka kwenye gauni la Demetria.

"Msinitazame hivyo," Demetria akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ni kazi ya kaka yangu. Ingeishia kwa mtu baki, na sie damu yake tupo tunaangalia?"

Kinyago kilikuwa kwake Mbezi Luis, mvunguni, ndani ya kiroba kile. Alikibeba mwenyewe wakati tunasali kwa ajili ya roho ya aliyekichonga, akakificha nje ya geti, kisha akarudi akapiga magoti kati yetu. Na alipoona kamera imempa kanzu, alimvisha Bakari ile kanzu bila kupepesa macho.

Nilidhani Fredrick atachemka. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema, basi limeisha, kitu hakikutoka nje ya ukoo, na mambo ya ndani tuyamalize ndani.

Hapo ndipo niliposikia damu ikinipanda.

"Alipokuwa Bakari yalikuwa mambo ya mtaa," nikamwambia. "Mjumbe aliitwa. Picha ilitumwa. Leo ni wifi, yamekuwa ya ndani?"

"Rosalia, tusimwaibishe mtu msibani."

"Bakari si mtu?"

Nikamwambia sitavua gauni. Arobaini ipikwe, watu wale, padre aje, lakini mimi nitakaa na nguo nyeusi, na kila atakayeniuliza kwa nini tanga la Nikodemu halijaanuliwa nitamjibu sababu. Fredrick akamgeukia mama yake ili anikanye. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi alipokuwaga anakaa Bakari.

"Hata mie sivui," akasema.

Kinyago kilirudishwa kwangu, na kwa Bakari walikwenda wao wenyewe, kaka na dada, kumwomba radhi. Siku ya arobaini akaja, na kanzu yake nyeupe ileile, akasimama karibu na geti kama mtu asiyejua akae wapi. Fredrick alisimama mbele ya wageni na mjumbe akiwepo. Akaanza kwa kusema kulitokea kutoelewana kidogo kwa sababu ya kamera, vyombo hivi vya siku hizi si vya kuamini sana.

Nilisimama. Mjane hasimami katikati ya maneno ya shemeji yake, lakini nilisimama.

"Kamera haikumtaja Bakari," nikasema. "Nyie ndio mliomtaja."

Fredrick alifuta jasho, akamtazama dada yake. Demetria aliinuka, na gauni lake jeusi, akasema maneno machache sana: "Nilichukua mie. Bakari hakuhusika." Kisha nikamsubiri atoe simu na ayaandike hayohayo kwenye kundi la mtaa. Aliandika, akatuma. Mjumbe akawa anatazama viatu vyake.

Nilikitoa kinyago ndani nikamkabidhi Bakari mbele yao. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye wale watu wa juu wasio na sura. Akasema, "Hapa alitaka mtoto amebebwa mgongoni. Alinionyesha." Akavuta kiti akakaa, na mama mkwe akaamuru aletewe pilau.

Ndipo nikaingia chumbani nikavua.

Kundi la mtaa nimelitazama tena leo. Picha ya mtu wa kanzu ilipata maneno mengi siku ile, ya laana na ya kejeli, kutoka kwa watu wanaonisalimia kila asubuhi. Chini ya maneno ya Demetria mtu mmoja ameweka alama ya mikono iliyoshikana. Wengine wamepita, wanaulizana bei ya maji ya lori la boza.