Gunia Lililonuka Ngozi

Mwaka ule wa kichaa cha mbwa, amri ilitoka kwamba hakuna mbwa wa mfanyakazi atakayebaki hai kwenye laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba letu la chai. Bunduki alipewa Nyamwange, askari wa shamba. Alikuwa Mkisii kama mimi na mke wangu Bilhah, na alipofika mlangoni petu aliona haya kidogo. Haya yenyewe haikumzuia.

"Mke wa ndugu yangu," alimwambia Bilhah, "mfunge kamba umtoe nje. Usinifanye niingie ndani."

Bilhah akamtoa. Alikuwa mbwa jike mweusi aliyetufuata kwa miguu kutoka nyumbani, akapita nasi Chepilat na Sotik mpaka huku. Bilhah alishika kamba mwenyewe hadi mwisho, kwa sababu mbwa huyo hakutulia kwa mtu mwingine. Moshi wa bunduki ulipopotea aliingia ndani, akainama, akamtoa mtoto wa mbwa aliyekuwa uvunguni mwa kitanda. Wenzake walikuwa wamekufa wakiwa bado hawajafumbua macho. Huyu alikuwa mweusi tititi kama mama yake, na macho yake yalikuwa yamefumbuka jana yake tu.

Nyamwange aliangalia kando. "Huyo mpeleke kwa Mama Mbwa," akasema. "Watoto sikuambiwa."

Mama Mbwa ndilo jina tulilompa memsahib, mke wa meneja. Mumewe ndiye aliyetoa amri ya kuua wakubwa, naye memsahib akalia mpaka akaachiwa wadogo. Alijenga banda la waya nyuma ya jiko lake, lakini watoto wa mbwa walijaa humo wakaanza kufa kwa kuhara. Basi akawagawia wanawake wa laini wawalee. Kila mwanamke alipewa kopo la maziwa na maagizo. Mbwa akishakomaa meno, anarudishwa kwa memsahib, na wazungu wa mashamba mengine wanakuja kuchagua. Asiyechaguliwa alikuwa wa Nyamwange.

"Hapana pa yeye jina," memsahib alimwambia Bilhah. "Jina mzungu wake tapa."

Bilhah alisema ndiyo, akamwita Kaniki kabla hajafika nyumbani.

Mimi nilikuwa nachochea moto wa boila kiwandani. Nilitoka kazini macho yamewiva kwa moshi, na mara nyingi nilimkuta mke wangu amekaa kwenye kizingiti, mbwa amelala ndani ya leso yake kama mtoto wa mtu. Nilimwambia wazi kwamba anajitafutia machozi. Aliniambia nile ugali wangu kabla haujapoa.

Mbwa huyo alikua vizuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja, alipenda watu. Kila aliyepita laini alifuatwa, akalambwa miguu, akapigiwa mkia. Jirani yetu Opiyo, Mjaluo aliyekuwa akiendesha gari la ng'ombe la shamba, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Kemuma, huyu mbwa wenu ameokoka kweli! Anasalimu hata wapagani. Mwizi akija atamshikia taa."

"Mcheke tu," nilimwambia. "Siku ya kuchaguliwa hutacheka."

Siku hiyo ilifika. Alikuja mzungu kutoka upande wa Sotik, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, akitaka mbwa wa kulinda ng'ombe na ghala. Wenzake Kaniki waliolelewa na wanawake wengine walikuwa wameshachukuliwa, amebaki yeye peke yake. Mzungu akamwita mpishi wa memsahib apite mbele ya mbwa. Kaniki alimkimbilia mpishi, akaanguka chali, akamwonyesha tumbo.

Mzungu akatema mate. "Hii hapana mbwa. Hii kondoo. Mimi nataka mbwa iko kali kwa watu nyeusi."

Memsahib alimwomba sana kwa Kizungu. Mwishowe yule mzungu akasema atapita tena mwezi ukiisha, akienda Kericho, amtazame mara ya mwisho. Alipoondoka, memsahib alimshika Bilhah bega.

"Mama, mimi nasikitika. Kama yeye kataa, bwana nasema askari."

Nyamwange alikuwa amesimama pale pale na bunduki yake.

Kumpeleka Kaniki nyumbani kwetu hakukuwezekana. Njia ya Chepilat, mpakani mwa kwetu, ilikuwa na askari, na mbwa yeyote aliyeonekana akivuka alipigwa risasi. Kumficha nako hakukuwezekana, maana laini ni mlango kwa mlango, na mtu akigombana nawe leo, kesho amekusema. Nilimwambia Bilhah tuanze kumsahau mapema.

Aliyetuonyesha njia ni Opiyo, naye hakukusudia. Siku moja alirudi kutoka Kericho alikopeleka ngozi za ng'ombe kwa duka la Mhindi. Mvua ilikuwa inanyesha, mvua yetu ya kila alasiri, naye alijifunika gunia moja lililokuwa likibebewa zile ngozi. Lilinuka chumvi na uozo mpaka ukifunga pua unalihisi mdomoni. Kaniki alipoona kitu hicho kisicho na kichwa kinakuja, alisimamisha manyoya ya mgongo akanguruma.

Opiyo akalivua gunia haraka. "Aa! Leo ameacha dini!"

Kaniki alipomtambua akaanza kumpigia mkia. Opiyo akacheka, mimi nikacheka. Bilhah hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Opiyo, niachie hilo gunia."

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kuchuma chai, alimpeleka Kaniki kule mtoni chini ya mikaratusi, akamfunga kwenye mti na kwenda zake. Kisha kitu kilitokea katikati ya majani ya chai, kimefunikwa gunia kuanzia kichwani hadi magotini, na vitundu viwili vya macho. Kilikuja kimya na fimbo mkononi, kikampiga mbwa, kikarudi kilikotoka. Bilhah alilificha gunia chini ya majani makavu, akaoga mtoni kwa mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu, halafu akarudi kwa mbwa na uji, akimwita kwa sauti ya pole.

Nilishuka kule nikaona kwa macho yangu. Kaniki alikuwa ameingiza kichwa mapajani mwa Bilhah, anatetemeka, naye anampapasa pale alipompiga.

"Mama Kemuma," nikamwambia, "unamdanganya huyu."

"Namdanganya aishi."

"Basi niache mimi nivae hilo gunia. Hii si kazi yako."

"Wewe utakohoa na moshi wako, atakujua. Utasema neno, atakujua. Mimi naweza kunyamaza."

Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi na nilijua anavyoweza kunyamaza.

Mwanzoni Kaniki alilia tu na kujikunyata. Baadaye akaanza kuonyesha meno. Baadaye tena akawa anaruka mpaka kamba inamkaba. Siku aliyoling'ata gunia akalitoboa, Bilhah alirudi nyumbani akaniambia, "Yuko tayari," kisha akalala bila kula.

Tulipanga kwamba siku ya mzungu, Opiyo ndiye atakayejifunika gunia. Alikubali, ingawa kwa maneno mengi. "Nikifa, mwambieni mke wangu niliuawa na Mkristo mwenzangu." Lakini asubuhi ile ile nyapara alimtuma stesheni ya Lumbwa na gari la majani ya chai, na ukitumwa hukatai. Mzungu wa Sotik alifika kabla hajarudi.

Ilikuwa alasiri na mvua inaanza. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, nikampeleka Kaniki nikiwa nimeshika kamba. Memsahib alisimama kwenye veranda akikunja vidole vyake. Nyamwange alikuwa chini ya paa la jiko na bunduki.

"Haya," mzungu akasema, "leta mtu."

Mpishi akasogea nyuma. Nikasema, "Bwana, mimi naweza kwenda."

"Wewe shika kamba."

Nilipogeuka kumtafuta Bilhah, hakuwa pale aliposimama. Kaniki alikuwa ameshaanza kumpigia mkia mpishi. Nilimwona mzungu akikunja uso, na nikamwona Nyamwange akiangalia chini, kama alivyoangalia kando siku ile mlangoni.

Hapo ndipo gunia lilipotokea kwenye kona ya banda la waya.

Lilikuja taratibu, na mvua inalipiga. Chini yake niliona miguu ambayo naijua. Kamba ilikaza mkononi mwangu kwa ghafla mpaka nikayumba. Kaniki alikuwa amegeuka mbwa mwingine kabisa, midomo imepanda juu, povu linamtoka.

Mzungu akacheka kwa furaha. "Wachia!"

Nilishika.

"Wewe, wachia kamba!"

Gunia lilisimama. Kichwa chake kilitikisika mara moja tu, kuniambia ndiyo. Nikaachia.

Kaniki alimfikia kwa hatua chache, akaruka, akamkamata mkono chini ya kiwiko. Meno yake yalikuwa yamekomaa kweli kweli. Alimvuta huku na huku, na damu ikaanza kushuka kwenye vidole na kuchanganyika na maji ya mvua. Bilhah hakulia, wala hakuguna. Mbwa huyo aliijua sauti yake kuliko kitu chochote duniani, na angeisikia hata kidogo, angemwachia, angeanguka chali matopeni na kumwonyesha tumbo. Na Nyamwange alikuwa pale pale.

"Simba! Simba kabisa!" mzungu alipiga kelele. Akaja mwenyewe kumshika Kaniki shingoni, akamwondoa, akamtupa nyuma ya gari lake. Kisha akamtazama yule aliyefunikwa.

"Huyu mtu iko namna gani? Halii. Ni bubu?"

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Ni bubu."

Memsahib alikuwa ameshuka, uso umebadilika rangi. "Toa gunia! Mimi naangalia mkono!"

Bilhah alirudi nyuma hatua moja, akalishika gunia kwa mkono mzima. Memsahib akadhani anaogopa. Kaniki alikuwa amesimama nyuma ya gari, anabweka kwa hasira. Gari likapigwa hendeli, likanguruma, likaanza kushuka njia ya Sotik kati ya mashamba ya chai. Alibweka akimwangalia yeye mpaka gari likakata kona. Hata baada ya kona tuliendelea kumsikia.

Bilhah alisimama na gunia lake kichwani mpaka sauti ikaisha. Ndipo nilipomvua. Alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka umepasuka.

Nyamwange alikuja akachana kitambaa cha kilemba chake, akamfunga mkono. Bilhah alimwacha afunge. Hakumshukuru, naye hakungoja shukrani.

Mkono ulichelewa kupona. Aliendelea kuchuma chai kwa ule mzima, na nyapara alimfokea. Kitu kimoja kilibadilika, hakujifunika gunia tena. Wanawake wote wa chai hujifunika magunia mvua ikija, lakini yeye alilowa, akakohoa, akalowa tena. Nilimnunulia blanketi la bei rahisi. Alisema ni zito.

Mwaka uliofuata binti yetu Kemuma alijifungua, tukapewa ruhusa kwenda kumwona. Tulitembea na watu wengine wa kwetu, na karibu na Sotik mvua ikatupata. Wanawake wakatoa magunia yao. Mzee mmoja Mkipsigis, mchungaji wa ng'ombe wa mzungu, alitukimbilia kutoka kwenye ua wa shamba akichechemea. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa matambara.

"Toeni hayo magunia!" alisema. "Toeni, tafadhali. Kuna mbwa hapa mbaya sana. Mweusi. Bila gunia anakuacha upite, lakini akiona gunia anaruka. Mimi alinikuta kwa mvua. Na kabla yangu alikula mkono wa mtoto wa ndugu yangu, sasa vidole havikunji."

Wanawake wakavua haraka. Bilhah hakuwa na la kuvua. Alikuwa anatazama ule mguu.

"Sijui aliyemfundisha alikuwa mtu wa namna gani," mzee akasema.

Bilhah akapandisha mkono wa gauni lake polepole, akamwonyesha kovu. Nilidhani atasema. Niliona mdomo wake ukifunguka.

Mzee akalishika kovu kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. "Pole, mama. Kumbe na wewe alikuuma."

Mdomo ukafungika. Ng'ambo ya ua mbwa alianza kubweka, sauti nene ya mbwa mzima aliyeshiba. Bilhah aligeuza kichwa upande huo. Nilimngoja aite lile jina. Alishusha mkono wa gauni lake, akaweka kichwani mzigo wa zawadi za mjukuu, na tukatembea na mvua ile mpaka Chepilat.