Godoro la Kulia

Kinyozi wa jirani, mtu ambaye mdomo wake hauna pazia, alikuwa akisimulia kwamba Sindano ameishangaza dunia. Alisema binti wa fundi magodoro alisimama mbele ya mataifa thelathini, akavuta upinde, akaachia mishale mitatu, na yote mitatu ikaingia kwenye duara la njano, imebanana kama meno ya kitana. Mpinzani wake, kwa maelezo ya kinyozi, alipiga makofi mwenyewe, na mwamuzi mmoja akavua kofia. Hiyo ilikuwa Jumanne. Kufikia Alhamisi waamuzi waliovua kofia walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa analia.

Mdogo, yaani mdogo wake Sindano, aliyasikia hayo akiwa mlangoni pa karakana na kapu la pamba kiunoni. Kilichomuudhi ni kwamba kinyozi hakuwa amesema uongo, ukiondoa zile kofia. Mishale mitatu iliingia njano kweli. Makofi yalipigwa kweli. Kinyozi alisahau kitu kimoja tu kidogo: ile njano ilikuwa ya mwenzake.

Kuelewa jambo hilo lilitokeaje, inabidi uujue ua wa nyuma wa karakana ile. Ni ua mrefu, mwembamba, hatua ishirini na tano toka mlango wa jikoni hadi ukuta wa mwisho, na kwenye ukuta huo kuna kulabu mbili. Kulabu ya kushoto ina godoro kuukuu lililoshindiliwa magunia mpaka likawa gumu kama mlango, limechorwa duara la njano katikati. Kulabu ya kulia ndipo baba yao anapotundika godoro jipya lipigwe upepo kabla mwenyewe hajalifuata. Siku ya kwanza Sindano alipoleta upinde nyumbani, baba aliweka sheria moja. La kushoto piga mpaka lilie. La kulia ni la mteja.

Mwezi wa kwanza mshale mmoja ulipotea njia ukalitoboa la mteja.  Baba alilishona lile tundu, akakaa wiki nzima anakula chakula chake amewapa mgongo. Kutoka hapo, miaka sita, mkono wa Sindano haukuwahi tena kwenda kulia. Mdogo ndiye aliyekuwa aking'oa mishale, na alifika mahali akawa anajua kwa mlio tu, hata akiwa jikoni anamenya, kama mshale umeingia njano au umeegemea pembeni. Mlio wa kulia hakuwahi kuusikia tena.

Mambo ya huko mashindanoni Sindano aliyasema mara moja tu, siku aliyorudi, akifungua kamba za viatu. Mapambano mawili ya kwanza alipangiwa shabaha ya kushoto, mpinzani ya kulia, akashinda bila jasho. La tatu akapangiwa ya kulia. Mwalimu wake alimkumbusha mara nne, na yeye mwenyewe akajiandikia kiganjani kwa kalamu: KULIA. Akaenda vizuri. Wakawa sawasawa na yule msichana mpaka ikabaki mishale mitatu. Hapo ukumbi ukanyamaza, viganja vikamlowa, akavifuta kwenye suruali, na wino ukaenda na jasho. Akavuta, akaachia. Alisema hajawahi kupiga vizuri namna ile maishani mwake. Aliposikia makofi alidhani ni yake.

Mshale ukiingia shabaha ya mwenzako ni sufuri. Matokeo yakabandikwa: wa kumi na nne. Wanane wa kwanza wameshaitwa kwenye mashindano yajayo moja kwa moja. Waliobaki, anayetaka ajaze fomu, atie sahihi, na Ijumaa saa nne mwalimu anapita kuzikusanya. Asiyetia sahihi nafasi yake anapewa mwingine, basi.

Fomu ya Sindano ilikuwa chini ya kopo la mafuta ya cherehani, tupu. Upinde ulikuwa juu ya kabati. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mkekani anashona kingo za magodoro kwa ile sindano ndefu iliyompa jina, mshono ulionyooka kama umepigwa rula, na mtu akimgusia fomu anauliza uzi mweupe umewekwa wapi.

Baba alijifanya anachukulia mzaha. Asubuhi alimsalimia kwa kumuuliza wenyeji wake wa kule ng'ambo wameamkaje, maana amewaachia zawadi. Mchana alimwambia mteja kwamba amezaa binti mkarimu kupita kiasi, ukimwalika kwako anakupikia wewe. Sindano alicheka kila mara, lakini kwa meno tu. Mdogo alikuwa na tabia ya kutazama watu bila kuwaharakisha, na aliona mengine. Aliona baba, akidhani yuko peke yake, amesimama uani mbele ya zile kulabu mbili, anajikuna kisogo kama mtu aliyepima kitambaa akakata kifupi.

Alhamisi jioni Mdogo akampelekea chai, akakaa naye pembeni mpaka akamaliza kikombe.

"Baba," alisema, "mkono wa dada haukukosea. Ulikutii wewe."

Baba aliangalia ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimebaki. Akasema ana godoro la kumalizia.

Godoro lenyewe lilikuwa la kinyozi. Lilikuwa la buluu, lenye maua meupe, na kinyozi alikuwa amelifuatilia kama mtu anayefuatilia posa: leo mshono, kesho vifungo, keshokutwa mbona ua moja limekatwa nusu. Ijumaa saa tatu unusu akaja kulichukua, taulo la kazi bado begani. Akamkuta baba amelitundika kwenye kulabu ya kulia, amepanda kigoda, na kwa chaki ya kukatia anachora duara katikati ya maua.

Kinyozi aliuliza kwa upole kama hiyo ni alama ya vifungo.

"Ni alama ya shabaha," baba alisema.

"Mzee mwenzangu, hilo ni godoro langu."

"Si wewe umewaambia watu mkono wa Sindano haukosi?"

"Niliwaambia watu. Sikuliambia godoro."

Baba alimwambia atamshonea jingine, la maua mazima, akashuka kigodani na kujipangusa chaki. Kinyozi akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo Mdogo alikuwa hajaliona tangu azaliwe. Kisha akatafuta mahali pa kukaa pasipo na pamba. Hakutaka kukosa cha kusimulia.

Mdogo alikuwa ameshauteremsha upinde kabatini. Aliufuta vumbi kwa upindo wa gauni, akachukua mshale mmoja, akatoka navyo hadi mlango wa jikoni ambapo dada yake alikuwa ameketi, ukingo wa godoro magotini. Karibu na goti lake aliweka na ile fomu, yenye duara la mafuta ya kopo pembeni, na kalamu juu yake.  Kisha akamnyooshea upinde na mshale.

Sindano aliutazama upinde, akamtazama mdogo wake, halafu akautazama ukuta wa mwisho: kushoto godoro kuukuu, kulia la buluu. Mkono wake wa kushona ulikuwa umesimama hewani na uzi unaning'inia.

Baba alikuja hatua kadhaa, akasimama katikati ya ua, mahali ambapo miaka yote aliwakataza watu wasisimame. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Mwanangu," alisema, "nipigie la kulia. Moja tu. Nakuomba."

Akasogea pembeni kumpisha.  Mbele, kwenye mlango wa karakana, mwalimu alipiga hodi, akasubiri kidogo, akapiga tena.